Mteja akisema hedifoni zinafanya "shhh", usikimbilie kurudisha hela

Hii ni ya nyie mnaouza hedifoni za waya, zile za kuingiza ndani ya sikio. Sio zile za buku mbili za stendi. Naongelea zile za elfu sitini, themanini kwenda juu, ambazo waya wake unachomoka na boksi limeandikwa namba namba.

Nilileta pisi sita. Nne ziliondoka ndani ya wiki, nikajiona nimepatia. Halafu zikaanza meseji. Wa kwanza kijana wa Morogoro: "Dada hizi feki. Nikiweka tu sikioni zinafanya shhhh hata muziki haujaanza." Sikubisha, nikamrudishia hela yake na mzigo nikalipia urudi na basi. Wa pili akaja na maneno hayo hayo, nikarudisha tena. Zile mbili nikaziuza kwa hasara, nikaandika "zina tatizo dogo". Kisha nikaenda kwa kaka anayeniuzia jumla, nikamsema mbele ya wateja wake kwamba ananipa mzigo mbovu. Akaniuliza, "Mdogo wangu, umezijaribu kwenye simu ngapi?" Nilikuwa nimezijaribu kwenye simu yangu tu.

Wa tatu ndiye aliyenifungua macho. Ni dada anayerekodi kwaya, anahariri sauti kwenye kompyuta. Alisema kwenye kompyuta zinapiga shhh, kwenye simu ya mume wake kimya kabisa. Hedifoni ni zile zile. Nikakaa chini nikaanza kusoma na kujaribu.

Kumbe iko hivi. Hedifoni ya waya haina betri wala umeme wake yenyewe, kwa hiyo haiwezi kutengeneza ile shhh. Inayotengeneza ni amplifaya iliyo ndani ya simu au kompyuta. Kila amplifaya ina kelele yake kidogo hata kama haipigi kitu. Hedifoni nzito kusukuma haziisikii. Hedifoni nyepesi kusukuma zinaisikia, maana zinahitaji umeme kiduchu tu zitoe sauti. Tena zimeziba sikio vizuri, kelele za nje haziingii, kwa hiyo unasikia hata kile ambacho kwenye daladala usingekisikia. Ni kama friji la nyumbani. Mchana hulisikii, usiku wa manane utadhani ni jenereta.

Sasa angalieni zile namba za boksi, mimi nilikuwa nazipita tu. Kuna omu, huo ni ukinzani, na kuna desibeli, hiyo inakuambia zinapiga kwa sauti gani zikipewa umeme kidogo. Za kwangu zilikuwa omu 16 na desibeli 112. Kila desibeli 10 ni nguvu mara 10. Yaani ukilinganisha na hedifoni ya desibeli 102, hii ya 112 inataka sehemu moja ya kumi ya nguvu kufikia sauti ile ile. Ndiyo maana watu wanazipenda, simu ndogo tu inazipigisha. Na ndiyo maana zinasikia uchafu wote. Ukiona omu ndogo na desibeli kubwa, jua mteja mwenye kompyuta ya zamani atakupigia.

Siku hizi mteja akilalamika namtumia maswali kwanza. Ukishusha sauti mpaka sifuri huku wimbo unaendelea, shhh inabaki vile vile? Ikibaki, ni amplifaya ya kifaa chake. Ukisimamisha wimbo ukasubiri sekunde chache, inakata ghafla? Hiyo ni simu imezima amplifaya kupunguza matumizi ya betri, jibu ni lile lile. Inatokea kwenye wimbo mmoja tu? Basi imerekodiwa humo. Ni mvumo mzito, na ukichomoa chaja ya kompyuta unaondoka? Shida ni umeme wa chaja, atumie betri wakati wa kusikiliza. Ila akisema upande mmoja umekufa, au inakwaruza akitikisa waya, hapo usibishane naye. Huo ni waya au jeki mbovu, badilisha.

Angalizo, haya yote ni ya waya. Za Bluetooth zina betri na amplifaya yake ndani, shhh ya humo ni ya kwake mwenyewe na hakuna cha kuchomeka ukaipunguza. Mteja wa Bluetooth akilalamika, msikilize.

Dawa sasa. Ya kwanza na rahisi ni kile kiadapta cha Type-C kwenda kwenye tundu la jeki. Watu wanadhani ni waya tu, kumbe vingi vina amplifaya yao humo ndani, kwa hiyo unakuwa umeikwepa ile ya kompyuta. Cha Apple kinasifika kwa utulivu. Kwenye baadhi ya simu za Android kinatoa sauti ndogo, lakini kwa hedifoni nyepesi kama hizi haina shida. Vile vya bei rahisi visivyo na jina kimoja kimya, kingine kinachemka kuliko simu yenyewe. Jaribu kabla hujauza.

Ya pili ni kipande cha waya chenye kitufe cha kuzungusha sauti. Unapandisha sauti ya simu, unashusha kwenye waya. Ule waya unapunguza muziki na kelele pamoja, lakini muziki umeshaupandisha, kelele inabaki chini. Ubaya wake, ukishusha sana upande mmoja unaweza kuzidi mwingine, na vya bei rahisi vinakwaruza.

Ya tatu ndiyo ninayoipenda. Fundi redio alinitengenezea kiwaya chenye rezista ya omu 75, moja kushoto moja kulia. Kwa hedifoni ya omu 16 inashusha kama desibeli 15, shhh inapotea. Mwambie fundi azifunge kwenye nyaya za sauti, sio kwenye ile ya pamoja, la sivyo kushoto na kulia vitachanganyikana. Mwambie mteja kwamba maiki inaweza isifanye kazi. Na hedifoni zenye spika ndogo nyingi ndani, rezista inazibadilisha sauti yake, besi au makali yanahama. Zenye spika moja ya kawaida hazibadiliki sana. Mimi nampa mteja ajaribu kwanza ndipo alipe.

Usimwambie mteja apunguze makali kwenye ikwalaiza ya simu. Mimi nilimwambia wa tatu hivyo nikaaibika. Ikwalaiza inagusa muziki kabla haujafika kwenye amplifaya, na kelele inazaliwa kwenye amplifaya.

Kwenye tangazo langu sasa naandika omu na desibeli, na chini yake: "Hizi ni nyepesi sana. Kwenye kompyuta nyingine utasikia shhh ndogo wimbo ukiwa umesimama, kiadapta kipo." Wanaouliza wameongezeka, wanaorudisha sijampata tena. Yule dada wa kwaya alichukua kiadapta na hedifoni amebaki nazo.

Kwa kaka wa jumla nilirudi nikamwomba radhi mbele ya wale wale wateja. Alipokea vizuri. Ila lile punguzo alilokuwa ananipa zamani, mpaka leo hajalirudisha.