Pango Jipya Kila Ukifa

Msomaji wetu mmoja wa Morogoro ameuliza swali lililonifurahisha mno. Anacheza Spelunky, gemu ya mtafuta hazina anayeshuka kwenye mapango na mahekalu ya kale, na ameona kwamba kila akifa, pango anamorudishwa si lile alimofia. Kama kompyuta inajichorea tu, anauliza, inajuaje kwamba njia ya kutokea ipo?

Kwa ajili yake nimezirudia gemu za ukoo huu: zenye picha za pikseli kubwakubwa, miruko mingi, makaburi yaliyojaa mitego, na vifo visivyohesabika. Rick Dangerous ilitoka mwaka 1989, kazi ya kampuni ya Core Design ya Derby, Uingereza, ambayo mwaka 1996 ilikuja kutuletea Tomb Raider. Humo mitego haihami. Mtego unakunasa bila dalili yoyote, unakufa, unakumbuka, unasonga mbele hatua mbili, unanaswa na mwingine. Ugumu wake ni wa kukariri. La-Mulana ya Wajapani, iliyotoka mwaka 2005 ikiwa na sura ya kompyuta za MSX za miaka ya 1980, ugumu wake ni wa mafumbo: usiposoma kwa makini maandishi yaliyochongwa kwenye mabamba ya mawe, utazunguka magofuni mpaka uchoke.

Spelunky ni habari nyingine. Mtunzi wake, Mmarekani Derek Yu, aliitoa bure mwaka 2008, na humo kukariri ramani hakukufai kitu. Kinachofaa ni kujua kusoma mahali. Chukua mtego wa mshale: ni jiwe lililochongwa uso, limepachikwa ukutani. Chochote kikipita mbele yake, mshale unachomoka, na mshale mmoja unaondoa mioyo miwili kati ya minne unayoanza nayo. Mchezaji aliyekomaa huokota chungu, akakirusha mbele yake. Mshale ukakipiga chungu, yeye akapita salama. Pango hilo hajawahi kuliona maishani. Anachokijua ni tabia ya mtego.

Sasa swali lenyewe. Programu huanza na uwanja wa vyumba 16: safu 4 kutoka juu kwenda chini, kila safu vyumba 4. Kila chumba kina upana wa vigae 10 na kimo cha vigae 8. Chumba kimoja cha safu ya juu huchaguliwa kwa bahati kuwa pa kuingilia. Kisha programu hupiga kura ya namba 1 hadi 5. Ikija 1 au 2, njia inakwenda kushoto. Ikija 3 au 4, kulia. Ikija 5, inateremka. Ikigonga ukuta wa pembeni, inateremka pia. Ikiwa imeshafika safu ya mwisho na inatakiwa iteremke tena, hapo hapo mlango wa kutokea unawekwa.

Mpaka hapo hakuna nyoka, hakuna popo, hakuna mwiba, wala jiwe moja halijawekwa. Kuna njia tu. Ikiwa fupi kabisa inapita vyumba 4. Ikiwa ndefu kabisa inavipitia vyote 16.

Baada ya hapo kila chumba cha njiani hupewa wajibu. Cha kupitia tu lazima kiwe wazi kushoto na kulia. Cha kuteremkia lazima kiwe na uwazi sakafuni, na kile kilicho chini yake kiwe wazi darini. Vyumba vilivyo nje ya njia havidaiwi chochote: vinaweza kuzibwa kabisa au kuficha dhahabu. Kwa kila wajibu zipo sampuli kadhaa za vyumba zilizochorwa na binadamu, na programu huchagua mojawapo. Ndani ya sampuli vigae vingine vimekazwa, vingine huachiwa bahati, na pengine hubaki nafasi ya vigae 5 kwa 3 ya kupachika kikwazo. Mwisho kabisa ndipo programu inapopita sehemu za kukanyagika ikiamua: hapa nyoka, pale buibui, kule kito.

Mbinu hii naiita utungaji wa kanuni, na aliyewahi kuwasikiliza malenga wakijibizana papo kwa papo ataielewa mara moja. Malenga haji barazani na beti mfukoni. Anakuja na mishororo minne, ukwapi wa mizani 8, utao wa mizani 8, kina cha kati na kina cha mwisho. Hivyo vimeshafungwa kabla hajafungua mdomo. Ndani yake maneno yako huru. Ndiyo maana ubeti wake haujawahi kusikika na bado unaimbika. Uwazi wa chumba cha Spelunky ndio kina chake, mahali kinapopatana na jirani. Sampuli ni kama vipande vya mizani 8 ambavyo malenga amevizoea kwa miaka, akivigeuza neno hapa na neno pale. Naye malenga mchanga anayetanguliza maneno kisha akahangaika kutafuta vina ni sawa na programu inayomwaga mawe ovyo kwanza, halafu ikaanza kukagua kama kuna pa kupita, na isipopaona ikafuta na kuanza upya.

Wazo la kuiachia bahati itunge mapango ni la zamani. Gemu ya Rogue ya mwaka 1980, ambayo picha zake zote ni herufi na alama, ilipanga vyumba vyake katika uwanja wa 3 kwa 3. Na bahati yenyewe ina mpangilio wake: namba zote za bahati za kompyuta huchipuka kutoka namba moja ya mwanzo, iitwayo mbegu. Mbegu ileile huzaa pango lilelile. Kwa njia hiyo toleo la Spelunky la mwaka 2013 la kompyuta liliweza kuwapa wachezaji wote duniani mapango yaleyale kwa siku moja, kila mtu na jaribio lake moja.

Kwa hiyo jibu kwa msomaji wetu ni hili: kompyuta haihitaji kuitafuta njia, kwa kuwa njia ndiyo iliyotangulia. Unaweza kufika mlangoni bila kulipua ukuta kwa bomu wala kutumia kamba. Kufika ukiwa hai ni juu yako.

Jaribu mwenyewe kwa karatasi na dadu. Chora vyumba 16, piga dadu, 6 uipuuze. Chora njia kwa penseli, weka uwazi wa kila chumba kwa wino, kisha jaza kuta, miiba na mishale utakavyo, ilimradi huuzibi uwazi. Futa penseli, mpe mwenzako. Atalalamika kwamba umemkomoa, lakini atatoka.