“Mama, Mbona Umeninunia?”

Kijana anaingia uani, anamkuta mamake anachambua mchele. Anamtazama kidogo, kisha anauliza: “Mama, mbona umeninunia?” Mama hajanuna. Uso wake umetulia tu, kama wa yeyote aliyezama kazini. Lakini kijana huyu anaishi na skizofrenia, na uso uliotulia, kwake, unaweza kuonekana uso wa hasira.

Watu wakisikia skizofrenia hufikiria sauti asizozisikia mwingine. Shida ya kusoma nyuso haina kelele, kwa hiyo hupuuzwa, ilhali ndiyo inayoleta ugomvi nyumbani kila siku. Watafiti waliofuatilia mwendo wa macho wameona kuwa wengi wenye ugonjwa huu hutazama sehemu chache za uso, tena huyapita macho na mdomo, pale hasa hisia zinapokaa. Furaha huitambua kwa urahisi zaidi. Hofu na hasira huwachanganya.

Mwaka 1923 nchini Ufaransa, daktari Joseph Capgras na mwenzake Jean Reboul-Lachaux waliandika habari za mwanamke aliyeshikilia kwamba watu wa familia yake wamebadilishwa, na walio mbele yake ni wengine waliofanana nao. Baadhi ya wenye skizofrenia hufikwa na jambo hilo. Maelezo yanayonishawishi zaidi ni haya: uso tunaoufahamu hutuletea vitu viwili, utambuzi wa nani huyu, na joto la moyo kwamba ni wetu. Joto hilo hupimika, maana ngozi hutoa jasho dogo sana tunapomwona tunayemjua. Mwaka 1997 Hadyn Ellis na wenzake walipima watu wenye hali hiyo, wakakuta nyuso zinazojulikana hazikuiamsha ngozi yao zaidi ya nyuso za wageni. Basi mtu anaiona sura ya mkewe, ila ule ukaribu hauji. Akili yake inatafuta sababu, na inaipata mbaya.

Hisia pia ndizo hushikiza kumbukumbu. Amigdala, kijisehemu kidogo ndani ya ubongo, huusaidia ubongo kuhifadhi yaliyotugusa. Ndiyo maana harusi hukumbukwa kuliko Jumanne ya kawaida. Kwa wenye skizofrenia msaada huo mara nyingi hudhoofika, hasa muda ukipita. Mtu anafurahia sikukuu akiwa pale pale, lakini furaha ile haimsukumi kuitazamia inayofuata. Jamaa husema ni mvivu, au hatupendi.

Hapo ndipo ninapoumia. Mwaka 1996 Ann Kring na John Neale waliwaonyesha wagonjwa wa skizofrenia vipande vya filamu. Nyuso zao zilionyesha hisia chache kuliko za watu wengine, lakini walipoulizwa walisema wamehisi sawa na wenzao, na ngozi zao zilishtuka hata zaidi. Uso mkavu haukuwa moyo mkavu.

Dawa hutuliza sauti na dhana potofu. Kusoma nyuso haziboreshi sana. Yapo mazoezi ya kumfundisha mgonjwa kutazama macho, nyusi na mdomo hatua kwa hatua, na yanasaidia. Nyumbani, hisia isiachiwe uso peke yake, isemwe kwa mdomo: “Sijanuna, mwanangu. Nimechoka na mchele huu una mawe. Kaa hapa tuchambue.”