Famwea: Sehemu Iliyofungwa Ndani ya Mfumo Huria

Kabla ya mwaka 2023, ungeweza kusakinisha Debian, mfumo endeshi ambao msimbo wake uko wazi kwa yeyote, na bado kadi ya waifai ikakataa kufanya kazi. Kadi ilikuwa nzima. Kilichokosekana ni famwea, yaani programu inayokiendesha kifaa kutoka ndani.

Watu wengi huichanganya na draiva. Draiva hufanya kazi kwenye prosesa kuu, ndani ya keneli (kiini cha mfumo) ya Linux, na nyingi ni huria. Famwea hufanya kazi ndani ya kifaa chenyewe, kwani kadi ya waifai ina prosesa yake ndogo. Ili kupunguza gharama, kadi nyingi hazina mahali pa kudumu pa kuihifadhi, hivyo draiva huipakia upya kila kompyuta inapowashwa. Kwa kawaida mtengenezaji huitoa kama faili lisilo na msimbo chanzo, yaani ikiwa imefungwa.

Mwaka 1997 Debian ilijiwekea mkataba wa kubaki huria, na toleo lake la 6.0, mwaka 2011, likatoa keneli isiyo na famwea zilizofungwa. Walioumia zaidi ni wasioona. Kompyuta mpakato mpya zilipoanza kuhitaji famwea hata kwa ajili ya sauti, kisoma skrini kilikaa kimya, na mtu hakuweza kusakinisha mfumo bila msaada. Mwaka 2022 wanachama walipiga kura kubadili mkataba huo. Debian 12, iliyotoka Juni 2023, ilikuja na famwea hizo, zikiwa zimetengwa katika fungu lao, na anayezikataa anaweza kuzizima.

Walifanya haki. Kuikataa famwea iliyo kwenye faili hakuondoi ile iliyokwisha kuwekwa ndani ya chipu kiwandani. Isitoshe, udhaifu wa prosesa uitwao Spectre ulipotangazwa mwaka 2018, sehemu ya tiba ya prosesa za Intel ilikuwa maikrokodi mpya, yaani famwea ya prosesa kuu yenyewe, nayo imefungwa. Aliyeikataa kwa msimamo alibaki bila kinga hiyo.

Lakini kuruhusu si kuridhika. Kosa lililomo ndani ya famwea iliyofungwa husubiri hisani ya mtengenezaji, naye akiacha kuhudumia kifaa, hakuna mwingine anayeweza kulisahihisha kwa urahisi. Njia nyingine ipo: mwaka 2013 Qualcomm Atheros ilifungua msimbo wa famwea ya baadhi ya kadi zake za waifai za USB. Tuwadai watengenezaji wengine vivyo hivyo, na tunaponunua vifaa kwa ajili ya shule na ofisi zetu, tuulize kwanza: famwea yake ni ya nani?