Kuanguka Mkarafuu na Uvimbe wa Kongosho

Wanachama wajua kwamba mikarafuu haiko Unguja na Pemba tu. Wenzetu wa Milima ya Uluguru, Morogoro, wanayo huko Kinole, Mkuyuni na Matombo, na hatari ya mchumaji ni moja huku na huko: kuanguka. Hapa twaeleza dhara moja la kuanguka lisiloonekani siku ile.

Nyuma ya tumbo la chakula, mbele ya uti wa mgongo, pana kiungo kiitwacho kongosho, kitoacho maji ya kusagia chakula. Mtu akiangukia tawi au kisiki kwa tumbo, kongosho hubanwa juu ya mfupa na huweza kupasuka. Maji yake huvuja, na mwili huyazungushia ukuta. Baada ya wiki kadhaa huwa mfuko. Pombe na vijiwe vya nyongo pia huweza kuleta mfuko huo.

Mgonjwa huumwa chembe ya moyo mpaka mgongoni, hushiba upesi, hutapika. Mifuko mingi midogo hunywea yenyewe. Mkubwa huweza kuingia usaha, kutoa damu ndani, kupasuka, au kuziba njia ya chakula au ya nyongo, macho yakawa manjano. Hapo roho i hatarini.

Daktari hutazama kwanza kwa altrasaundi au kipimo cha CT, maana uvimbe mwingine wa kongosho ni saratani. Pasipo hatari ya haraka, hungoja wiki 4 hadi 6 ukuta ukomae, kwani ukuta mchanga haushiki uzi. Kisha hufungua tundu kati ya mfuko na tumbo la chakula, akashona kingo zake, maji yakamwagikia humo. Daktari Jedlička alifanya hivyo mwaka 1921. Siku hizi, penye vyombo, kazi hiyo hufanywa kwa mpira upitishwao kinywani, bila kupasua.

Basi aliyeanguka asikandwe tumbo, wala asifichwe nyumbani. Wa Kinole ashushwe hospitali ya mkoa mjini Morogoro. Wa Pemba apelekwe Abdulla Mzee, Mkoani. Na hata akiwa amepona, mwezi ukipita tumbo likaanza kuuma, arudi, na neno la kwanza kwa daktari liwe hili: nilianguka mkarafuu. Asiposema, daktari hana la kumjulisha.