Sura ya Tano: Gramu Moja na Wanaoigombea

Ushirombo, makao makuu ya Wilaya ya Bukombe, iko kwenye barabara kuu itokayo Isaka na Kahama kuelekea Lusahunga na mpaka wa Rwanda. Hadi 2012 ilihesabiwa Mkoa wa Shinyanga. Sasa iko Geita. Katika ukanda huu mjadala wa soko huria hauna haja ya vitabu. Mchimbaji ana pointi tatu za dhahabu kwenye karatasi, yaani chini ya theluthi ya gramu, na anataka kujua amuuzie nani.

Kosa linalosikika kila mahali, kuanzia kijiweni hadi vyuoni, ni kudhani kwamba soko huwa huru pale tu serikali inapokaa kando. Ukanda wa dhahabu unaonyesha vingine.

Bei ya dhahabu haipangwi Dodoma wala Geita. Hutoka London, kwa dola kwa wakia, na wakia moja ni gramu 31.1. Tume ya Madini hutangaza bei elekezi kwa kufuata soko hilo. Yanabaki mambo mawili, uzito na usafi, na hapo ndipo watu wanapoibiwa. Dhahabu iliyokamatwa kwa zebaki na kuchomwa huwa bado ina fedha na shaba ndani yake. Kipande cha gramu 10 chenye usafi wa asilimia 85 kina gramu 8.5 za dhahabu, na hizo ndizo zinazolipwa. Sasa mchukue mtu anayeuza palepale duarani, yaani kwenye shimo la kuchimbia. Mnunuzi ndiye mwenye mizani. Ndiye anayekadiria usafi kwa macho, ndiye anayejua bei ya siku, na mara nyingi ndiye aliyemkopesha matimba ya kuzuia duara lisiporomoke, mafuta ya pampu na unga wa kula. Hakuna ofisa hata mmoja pale, lakini uhuru pia haupo, kwa sababu muuzaji hawezi kusema hapana.

Kosa la pili linawahusu zaidi wakubwa: kwamba mchimbaji mdogo ana magendo katika damu. Hesabu ya kodi inaeleza zaidi ya tabia. Kabla ya 2019 aliyeuza kihalali alikabiliwa na kodi ya ongezeko la thamani asilimia 18, kodi ya zuio asilimia 5, mrabaha asilimia 6, ada ya ukaguzi asilimia 1 na ushuru wa huduma asilimia 0.3. Ukijumlisha kwa haraka unapata asilimia 30.3. Mtorosha dhahabu aliyelipa hata robo pungufu ya bei ya dunia bado alikuwa mteja bora kuliko sheria.

Tarehe 22 Januari 2019 Rais John Magufuli alikutana na wachimbaji wadogo Dar es Salaam na kuwasikiliza. Mwezi uliofuata Bunge lilirekebisha sheria: kodi ya ongezeko la thamani na kodi ya zuio zikaondolewa kwa wachimbaji wadogo, na masoko ya madini yakaanzishwa. Soko la Geita lilizinduliwa Machi 2019. Waziri wa Madini wakati huo alikuwa Doto Biteko, mbunge wa Bukombe yenyewe. Makato yakashuka hadi asilimia 7.3, na dhahabu iliyopita kwenye mizani rasmi ikaongezeka sana. Wachimbaji walikuwa ni walewale.

Uganda ilijifunza somo hilo kutoka upande wa pili. Ilipoweka tozo ya asilimia 5 kwenye dhahabu iliyosafishwa, Julai 2021, dhahabu ilikaribia kutoweka kabisa kwenye takwimu zake za mauzo ya nje.

Ingekuwa vyema kuishia hapo, serikali ikiwa imepunguza mkono na soko likiwa limeitika. Lakini serikali ileile iliyopunguza kodi ndiyo iliyoleta mizani, mashine ya kupima usafi na ubao wa bei, na ndiyo iliyofanya kuuza nje ya masoko yake kuwa kosa la jinai. Imemwokoa mchimbaji kutoka kwa mnunuzi mmoja, kisha ikamwamuru auzie wapi. Anayesifu nusu ya kwanza na kuficha ya pili haelezi uchumi, anafanya kampeni.

Kisha kuna machimbo ya dhahabu ya Bulyanhulu, mfano unaostahili nafasi kubwa kuliko inayopewa. Miaka ya 1990 husimuliwa kama wakati ambapo dola ilirudi nyuma na mtaji ukaachiwa nafasi. Agosti 1996 dola haikurudi nyuma. Iliwaondoa maelfu ya wachimbaji wadogo kwenye maduara yao ili kuipisha Kahama Mining, kampuni tanzu ya Sutton Resources ya Kanada. Madai kwamba baadhi yao walifukiwa wakiwa hai yalikanushwa na serikali na kampuni, na yamebishaniwa tangu hapo. Kampuni ya Barrick iliununua mradi huo mwaka 1999, na uzalishaji ukaanza 2001. Milki ya mwekezaji ililindwa kwa nguvu za serikali. Ya mchimbaji, aliyekuwa pale kabla yake, haikuhesabiwa kuwa milki.

Kuna imani nyingine isiyostahili hata kujadiliwa kwa upole: kwamba dhahabu huvutwa kwa viungo vya watu wenye ualbino. Septemba 2009 Mahakama Kuu, ikikaa Kahama, iliwahukumu kifo watu watatu kwa kumuua mtoto wa miaka 14 mwenye ualbino katika Wilaya ya Bukombe. Mwamba hausikii kafara. Dhahabu iko pale jiolojia ilipoiweka. Mganga anauza uongo, na watoto wanalipa kwa maisha yao. Hakuna mtetezi wa uhuru wa mtu binafsi anayepaswa kusita kudai serikali yenye nguvu mahali hapo.

Swali lililobaki ni la leseni. Leseni ndogo ya uchimbaji hutolewa kwa raia tu, kwa eneo lisilozidi hekta 10, na hudumu miaka saba. Wengi wanaoshuka duarani hawanayo. Wanachimba chini ya mwenye leseni na kulipwa kwa mgao wa mifuko ya mawe, kwa hiyo nafuu ya kodi huwafikia ikiwa imeshakatwa njiani. Tangu Oktoba 2024 wanaosafirisha dhahabu nje wanatakiwa kutenga angalau asilimia 20 isafishwe nchini na kuuziwa Benki Kuu, ambako mrabaha ni asilimia 4 badala ya 6. Mwenye leseni ataziona asilimia mbili hizo kwenye stakabadhi yake. Wa chini ya ardhi ataziona pale tu makubaliano ya mgao yatakapoandikwa na kuweza kudaiwa mahakamani.