Haki Ina Mlango na Ina Muda: Masuala ya Kisheria Katika Ukanda wa Dhahabu

Katika ukanda unaoanzia Kishapu na Shinyanga, ukapita Kahama na Msalala hadi Geita, mkulima, mfugaji na mchimbaji hutegemea ardhi ileile. Ndiyo maana mashauri yanayofika katika ofisi za mawakili wa mikoa hii hufanana: shamba lililoonekana kuwa na dhahabu, fidia isiyolipwa, mfanyakazi aliyeachishwa kazi, mjane aliyeondolewa katika mji wa marehemu mumewe. Mara nyingi anayeshindwa hakukosa haki. Alipeleka shauri mahali pasipohusika, au alifika muda uliowekwa na sheria ukiwa umekwisha. Makala hii inaeleza mlango wa kila shauri na muda wake.

Leseni ya madini si hati ya shamba

Kwa mujibu wa Sheria ya Madini ya mwaka 2010, madini yaliyo ardhini ni mali ya Jamhuri ya Muungano, na haki ya kuyachimba hutolewa kwa leseni. Leseni ya uchimbaji mdogo hupewa Watanzania pekee, hudumu kwa miaka 7 na huweza kuhuishwa. Humpa mwenye nayo haki ya kuchimba, lakini haimpi umiliki wa shamba. Vivyo hivyo, mwenye shamba hawezi kuchimba au kuuza mawe yenye dhahabu kwa hoja kwamba shamba ni urithi wa babu yake.

Sheria imeweka mizani kati ya wawili hawa. Mwenye leseni anatakiwa kupata ridhaa ya maandishi ya mkaaji halali kabla ya kufanya kazi ndani ya mita 200 kutoka kwenye nyumba, au ndani ya mita 50 kutoka kwenye shamba lililolimwa au kuandaliwa kwa kilimo. Akiharibu mazao, miti, majengo au mifugo, anawajibika kulipa fidia stahiki. Mwenye shamba naye anaruhusiwa kuendelea kulima na kuchunga ndani ya eneo la leseni, mradi asizuie uchimbaji. Hata hivyo, hapaswi kujenga jengo jipya humo bila ridhaa ya mwenye leseni.

Ugomvi mwingi huzaliwa na mapatano ya mdomo. Dhahabu inapoonekana, mwenye shamba, mwenye leseni na mwenye duara hukubaliana mgawo wa mifuko ya mawe mbele ya mashahidi wawili watatu. Uzalishaji unapopanda, kila mmoja hukumbuka mgawo wake kwa namna yake. Mapatano yaandikwe na kusainiwa, yakitaja mipaka, sehemu ya kila mmoja, anayebeba gharama za matimba, pampu na karasha, na anayewajibika kufukia duara lililoachwa. Yataje pia mwenye haki ya marudio, kwa kuwa mchanga uliokwisha kusagwa mara nyingi bado una dhahabu ya kugombaniwa. Mgogoro unaohusu leseni hupelekwa Tume ya Madini kupitia Ofisi ya Afisa Madini Mkazi, si Baraza la Kata.

Mgogoro wa mpaka au umiliki wa ardhi

Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Baraza la Kata halitoi tena hukumu katika migogoro ya ardhi. Kazi yake ni kusuluhisha, na mawakili hawaruhusiwi kuwakilisha wadaawa mbele yake. Usuluhishi ukishindikana, Baraza hutoa hati ya kuthibitisha hivyo, na mlalamikaji hufungua shauri katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Zikipita siku 30 bila suluhu, anaweza kwenda huko bila hati hiyo. Ukomo wa kudai ardhi ni miaka 12. Anayemwona jirani akilima upande wake mwaka hadi mwaka na kunyamaza anaweza kupoteza haki ya kudai.

Asiye na hati asikate tamaa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaitambua hakimiliki ya kimila kuwa na hadhi sawa na hakimiliki ya kupewa, na inabatilisha mila inayomnyima mwanamke haki ya kupata au kutumia ardhi.

Fidia ya mradi

Ardhi inapotwaliwa, fidia haihusu nyumba na mazao pekee. Kwa kadiri ya hali ya kila mtu, hujumuisha pia posho ya usumbufu, ya usafiri na ya makazi, pamoja na faida iliyopotea kwa mwenye biashara. Fidia isipolipwa ndani ya miezi 6 tangu tathmini ilipoidhinishwa, hutozwa riba. Ikipita miaka 2, tathmini hufanywa upya. Kwa hiyo, kabla ya kusaini fomu ya uthamini, hesabu miti na majengo yako, soma kilichoandikwa, na ubaki na nakala.

Kumbukumbu hizo zina thamani pia siku ya maafa. Bwawa la tope la mgodi wa almasi wa Mwadui, wilayani Kishapu, lilipobomoka tarehe 7 Novemba 2022, tope lilifunika mashamba na kuathiri makazi. Mpaka ukishafunikwa, ushahidi unaobaki ni picha, karatasi na majirani.

Ajira

Mfanyakazi anayeona ameachishwa kazi isivyo halali anatakiwa kupeleka lalamiko katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30 tangu kuachishwa. Madai mengine, kama ya mshahara, yana siku 60. Aliyechelewa hulazimika kwanza kuomba kuongezewa muda na kueleza sababu za msingi. Ahadi ya msimamizi kwamba suala linashughulikiwa haisimamishi hesabu ya siku.

Mirathi

Mirathi inayofuata sheria za kimila au za Kiislamu hufunguliwa Mahakama ya Mwanzo. Mjane anaruhusiwa kuomba usimamizi. Msimamizi si mrithi wa kila kitu: hukusanya mali, hulipa madeni, hugawa, na hutakiwa kuwasilisha mahakamani orodha ya mali na hesabu ndani ya miezi 4.

Wajane wawili kutoka Mkoa wa Shinyanga walipinga mahakamani kanuni za kimila zilizowanyima urithi wa waume zao. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikiri kuwa kanuni hizo ni za kibaguzi lakini haikuzifuta, na mwaka 2010 rufaa yao iliishia kwenye kasoro ya kiutaratibu. Mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia ubaguzi dhidi ya wanawake iliona kuwa haki zao zilikiukwa. Njia ilikuwa ndefu mno. Wanandoa wanaweza kuifupisha wakiwa hai kwa kuandika wosia na kusajili shamba au nyumba kwa majina yao wote wawili.

Pa kuanzia

Asiye na uwezo wa kumlipa wakili anaweza kupata msaada bila malipo chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Muulize Mtendaji wa Kata au Afisa Maendeleo ya Jamii mahali walipo wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa. Ukimlipa wakili, dai stakabadhi, na ujihadhari na vishoka: jina la wakili halali linaweza kuthibitishwa katika mfumo wa e-Wakili wa Mahakama ya Tanzania. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na mahakama, hivyo una haki ya kuelezwa kila hatua kwa lugha unayoielewa. Siku tatizo linapotokea, andika tarehe, taja waliokuwapo, na uanze kuhesabu muda wako kuanzia siku hiyo.