Washa, Msasa na Kamba ya Chaki

Mfarishi wangu wa kwanza ulikuwa na vipande 144 vya kitenge, kumi na viwili kwenda na kumi na viwili kushuka, na haukulala sawa kitandani hata siku moja. Upande mmoja ulimzidi mwenzake kwa karibu vidole vinne, na katikati ulifutuka kama andazi. Wakati huo nilikuwa nimeshashona nguo za watu kwa miaka kadhaa, na magauni yangu hayakuwa yakirudishwa, kwa hiyo nilikilaumu kitenge: kimerudi majini, kimevutika, kimekatwa upogo dukani. Kosa halikuwa la kitenge. Lilikuwa kwenye kipande cha boksi nilichokitumia kupimia.

Boksi linaliwa. Kila penseli inapopita pembeni mwake hulisugua kidogo, na kona zake zinaanza kuviringika. Ulipofika mraba wa sitini hivi, boksi langu lilikuwa limechoka, nikalitupa na kuanza kukata kila kipande kwa kufuata kipande kilichotangulia. Hapo nikaingia kwenye kosa la pili, la upande wa pili: mstari wa chaki una unene wake, na unene huo unajiongeza kila unapochora. Vipande vya mwanzo vilikuwa vikipungua, vya mwisho vikawa vinakua.

Gauni husamehe. Lina pensi, lina lastiki, lina mwili wa mtu ndani yake wa kulinyoosha. Mfarishi hauna cha kuuokoa isipokuwa hesabu. Tuseme mistari kumi na miwili ya miraba ya inchi 5, na kila mshono umekula robo inchi kila upande. Kila mraba ukishashonwa unabaki inchi 4½, na kumi na miwili inakupa inchi 54. Sasa tuseme mguu wa cherehani umeteleza milimita moja tu. Milimita hiyo inaliwa pande zote mbili za mshono, yaani milimita 2, na mishono ya ndani iko kumi na mmoja. Tayari umepoteza milimita 22, karibu inchi nzima, kwenye mstari mmoja. Mstari wa pili ukiushona vizuri, hautakutana na wa kwanza hata ukiulazimisha kwa pini.

Anayeishi na tatizo hili kila siku ni mwashi. Akikosea kidogo unene wa udongo kati ya tofali na tofali, ukuta utamuumbua juu huko kwenye linta. Ndiyo maana vifaa vyake vyote, uzi, pimamaji, futi, mraba, vimetengenezwa kwa kazi moja: kuhakikisha tofali la mia linakaa kama la kwanza. Nami baada ya ule mfarishi uliofutuka niliacha kusubiri vifaa vya mafundi wa Ulaya na Marekani, ambavyo huku havipatikani na vikipatikana bei yake inatisha, nikaanza kuingia hadiwea.

Niseme kwanza juu ya jina. Kamusi zetu zina neno mfarishi, na nalipenda, ingawa hapa Mbeya wengi watakuambia blanketi la viraka. Kiraka kina sifa ya umaskini, na hiyo inaninyima raha, kwa sababu vipande vinavyobaki kwa mafundi wa Mwanjelwa ni vitenge vipya kabisa, vingi vikiwa vimepitia Tunduma kutoka Zambia na Congo, na hutupwa au hugeuzwa madodoki ya kufutia mashine. Jiji letu liko mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari. Mwezi wa sita hadi wa nane, usiku wa Mbeya unauma. Juu ukaweka vipande hivyo, katikati blanketi la mtumba lililochakaa, chini amerikani, ukavipitishia uzi vyote vitatu, umepata kitu ambacho mtoto atalala nacho mpaka aoe.

Siku ya kwanza kuingia hadiwea, kijana wa dukani aliniuliza, "Shikamoo mama. Unaezeka?" Nilikuwa nimeomba washa ishirini, karatasi mbili za msasa na kipande cha bati bapa.

"Marahaba, mwanangu. Ninashona."

Alicheka, halafu akaenda kunitafutia. Tangu siku hiyo mabaki ya mabomba hunitunzia.

Bati ndilo lililochukua nafasi ya boksi. Waendee mafundi wanaotengeneza ndoo na majiko, uombe kipande kilichobaki, kisicho na mikunjo. Kumbuka kwamba kwenye bati namba kubwa ndiyo wembamba: geji 30 ni jembamba kuliko geji 28, na lolote kati ya hayo linatosha. Fundi akukatie mraba wa inchi 5, naye atautengeneza sawa kuliko mkasi wako utakavyoweza. Ukiupokea, pima kutoka kona hadi kona, mara mbili, kwa kukingamana. Vipimo viwili vikilingana, na pande zote nne zikiwa sawa, ni mraba. Vikitofautiana, hata kama kila upande ni inchi 5 kamili, umepewa mshazari, mrudishie. Kisha piga msasa kingo zote, maana bati lisilosuguliwa hukata vidole kabla ya kitambaa. Kibati hicho hakiliwi na penseli. Changu kimechora maelfu ya vipande na kona zake bado zinachoma.

Upande wa chini wa kibati bandika msasa kwa gundi, ule laini, namba 220 kwenda juu. Namba ya msasa imepigwa mgongoni mwake; inavyokua ndivyo punje zinavyokuwa ndogo. Punje hushika nyuzi za kitenge, kibati hakitelezi tena mkono unapobonyeza. Karatasi nyingine nzima ibandike juu ya ubao, uso ukiangalia juu, uwe ndio uwanja wako wa kuchorea. Usichukue msasa mkali wa mbao, namba 60 au 80, kwa kudhani utashika zaidi. Utashika mno, utafumua nyuzi.

Washa ni uzito. Zile kubwa, nzito, za bolti nene, hukaa juu ya karatasi ya patroni badala ya pini, na kitambaa hakinyanyuki hata kidogo kama kinavyonyanyuliwa na pini. Lakini chuma ni chuma, na kuanzia Novemba hadi Aprili hewa ya huku ina maji. Niliwahi kuacha washa tupu juu ya amerikani usiku mmoja wa mvua, asubuhi nikakuta pete za kutu ambazo sabuni haikuzitoa. Sasa kila washa imeviringishiwa utepe wa kitenge kupitia tundu lake mpaka imekuwa kama kitumbua kidogo cha rangi. Kazi hiyo wape watoto, wanaipenda.

Tepu ya karatasi ya wapaka rangi ina kazi mbili. Ya kwanza ni kwenye cherehani. Weka rula chini ya sindano, shusha sindano kwa mkono mpaka iguse alama, hesabu robo inchi kwenda kulia, hapo bandika tepu juu ya bamba, tabaka juu ya tabaka, tano au sita, mpaka kiwe kiukuta kidogo. Kitambaa kikiegemea kiukuta hicho mshono hauna pa kukimbilia. Usiamini macho, jaribu: kata vipande vitatu vyenye upana wa inchi 2, viunge ubavu kwa ubavu, piga pasi, pima cha katikati. Kinatakiwa kiwe inchi 1½ kamili. Kikipungua, sogeza kiukuta kushoto, kikizidi, kulia. Dakika kumi za jaribio hili zingeniokolea miezi minne ya ule mfarishi wa kwanza.

Kazi ya pili ni kushona kwa mkono kufuata ukingo wa tepu bila kuchora chochote. Bandika, shona pembeni, bandua, sogeza. Ila usilale nayo. Tepu iliyoshinda kwenye kitambaa, hasa kilichokuwa juani, huacha gundi, na gundi hiyo huokota vumbi la mji mzima.

Kifaa ninachokipenda kuliko vyote ni kamba ya chaki. Ni kile kiboksi cha mafundi vigae na silingi, chenye kamba ndani iliyozungushwa kwenye unga wa chaki, na kulabu ndogo mwisho wake. Mfarishi ukishatandikwa tabaka zote tatu na kupigwa bandi, unahitaji mistari mirefu ya kupitisha uzi, kutoka pembe hadi pembe, na hakuna rula ya fundi nguo inayofika. Mtu mmoja anashika kulabu kona ile, wewe unavuta kamba mpaka kona hii, mnaikaza mpaka iimbe. Unainyanyua katikati kwa vidole viwili, juu kidogo, wima bila kuipindisha, unaiachia. Tap. Vumbi dogo linaruka, na mstari umelala kwenye kitambaa kama uliopigwa na mashine, inchi 76 bila kupinda. Binti yangu alipoona mara ya kwanza aliomba tupige mwingine hata mahali ambapo haukuhitajika.

Hapa rangi ni jambo la kufa na kupona. Nunua unga wa buluu au mweupe. Mwekundu ni wa kukaa kwenye zege na kustahimili mvua, na ukikaa kwenye kitambaa hauondoki. Hata wa buluu ujaribu kwenye kipande cha pembeni, ukifue uone, kisha kung'uta kamba mara moja au mbili kabla ya kuitumia ili isimwage unga mwingi. Wala usipige pasi juu ya chaki kabla ya kufua.

Na kwa kuwa umeshafika kwa mwashi, mwazime na hesabu yake ya msingi, tatu nne tano. Kwenye kona ya mfarishi weka alama futi 3 upande mmoja na futi 4 upande mwingine. Umbali kati ya alama hizo ukiwa futi 5 kamili, kona yako ni mraba. Mfarishi wa inchi 54 una nafasi ya kutosha kwa kipimo hicho.

Fremu ya kushonea hutoka kwenye bomba jeupe la kupitishia waya za umeme, la milimita 20, ambalo huuzwa kwa urefu wa mita 3. Kata vipande vinne vya inchi 18, viunge kwa kona nne, bila gundi, ili ukimaliza ufumue na kuhifadhi nyuma ya mlango. Vibanio vinatoka kwenye bomba hilohilo: kata vipande vya inchi 11, vipasue kwa urefu kwa msumeno wa chuma na kuondoa utepe wenye upana wa kidole kidogo. Kinachobaki kinafunguka na kung'ata kitambaa juu ya fremu. Kama ndani umetia blanketi zito, vibanio vikate kwenye bomba la milimita 25, la sivyo vitapasuka au vitakataa kuingia. Msasa kwenye kila ukingo, tena. Na ukiacha kazi kwa siku kadhaa, toa vibanio, visikichore kitambaa.

Kwa kulaza mishono baada ya pasi, kipande cha mbao ngumu hufanya kazi ambayo pasi ya mkaa haiwezi peke yake: unapiga pasi, unaondoa, unakandamiza ubao papo hapo mpaka joto liishe, mshono unalala kama karatasi. Lakini chagua. Paini ya Sao Hill, kule Mufindi, ni nzuri kwa meza na rafu, ila ina utomvu, na joto huutoa. Mninga ni mzuri ukiwa umekauka kabisa. Mbichi una maji mekundu yanayotia doa. Uache bila vanishi.

Si kila anayeunga vipande anahitaji haya yote, na ingekuwa dhuluma nisiseme. Wasidi wa Karnataka nchini India, watu wenye asili ya Afrika, hushona mifarishi iitwayo kawandi bila kibati wala rula. Wanaanzia ukingoni na kuzunguka kuelekea katikati, kipande kipya kikikunjwa na kulazwa juu ya ukingo wa kilichotangulia na kushonewa hapohapo kwenye tabaka la chini. Kosa halina njia ya kurithishwa, kwa kuwa kila kipande kinafunika mwisho wa mwenzake. Kwenye kona huweka vitambaa vilivyokunjwa viitwavyo phula, yaani ua. Nimeujaribu mtindo huo kwa macho na mkono tu, na mfarishi ulilala sawa. Ila mtindo wa miraba, unaotaka kona nne zikutane nukta moja, haukubali macho peke yake.

Wala si mimi peke yangu ninayegeuza vilivyotupwa: Iringa kuna kituo cha Neema Crafts, kilichoanzishwa mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana, kinachowapa kazi watu wenye ulemavu. Kilianza na vijana viziwi waliotengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo. Hufikiria jambo hilo kila ninapochagua mabomba kwenye rundo la mabaki.

Yapo ya kuacha dukani. Mafuta ya injini na grisi usiyaguse kwa ajili ya cherehani. Yanaganda, yanakamata vumbi na kutia weusi kwenye kitambaa. Mafuta ya cherehani ni mepesi na meupe, nayo unayapata kwa wauza uzi. Pini zilizoanguka zikusanye kwa sumaku ya spika mbovu, utaipata kwa fundi redio, lakini usiiweke kwenye mashine za kisasa zenye kompyuta ndani.

Ule mfarishi uliofutuka ninao bado. Mwaka huu nimeanza kuufumua mstari kwa mstari. Vipande vilivyozidi inchi 5 vinarudi chini ya kibati na kupunguzwa. Vile vidogo, vya kutoka kwenye boksi lililochoka, navikata upya kuwa inchi 4, na kuna kibati kingine kinachonisubiri kwa fundi wa ndoo.